Ngazi za Timazi Zapigiwa Kura

Saluni yangu iko chini kabisa ya ngazi, pale mtaa unapoanza kupanda kilima. Ukitaka kujua nani anakwenda wapi, na nani, na kavaa nini, kaa mlangoni kwangu kidogo tu. Wote watapita, na wote watajikwaa. Ngazi zile, ambazo ndizo njia pekee ya kutoka kwa watu wa chini kwenda kwa watu wa juu, zina kidato kimoja kirefu kuliko vyote. Kiko katikati. Mguu unakuwa umeshazoea, unapanda hivi, hivi, hivi, halafu puu! Mwenyeji hujikwaa kwa adabu, anarekebisha nguo na kuendelea kana kwamba alikusudia. Mgeni hujikwaa kwa kelele. Mimi na kitana changu mkononi nawapa wote pole bila ubaguzi.

Mikutano ya Chama cha Mtaa hufanyika humo humo saluni kwangu, kwa sababu nina viti. Zamani ilifanyika stoo kwa Kinyozi, ambaye ni katibu, mpaka panya walipoanza kuhudhuria. Mwenyekiti ni Dalali, mpangishaji nyumba, mtu wa juu. Yeye hupenda kuketi kwenye kiti cha mashine ya kukausha nywele, chini ya lile kofia kubwa, eti pana utulivu. Akikasirika hulishusha mpaka masikioni.

Chama chetu kina sheria moja tu ambayo kila mtu anaijua kwa kichwa. Ilipatikana baada ya ugomvi wa pipa la taka, liwekwe juu au liwekwe chini, ugomvi uliodumu msimu mzima wa mvua na kuishia kwa watu wazima kurushiana maganda. Sheria inasema: jambo lolote lenye ubishi litaamuliwa kwa kunyoosha mikono, na likishaamuliwa halirudishwi mezani ila na yule aliyelileta. Pipa likakaa katikati, mtaa ukatulia. Tangu hapo tumeamua kila kitu kwa mikono, na hakuna aliyewahi kuandika kwamba mambo yaliyokwisha kupita hayamo.

Basi siku moja akaja Afisa wa Kumbukumbu kutoka ofisi za jiji, kijana wa viatu vinavyong'aa. Alijikwaa kama wageni wengine, tukampa pole na kiti. Akasema kila mtaa utawekewa kibao cha mawe chenye historia yake, na akatuomba tukae, tukubaliane historia yetu ni ipi, atarudi kuichukua.

"Tukubaliane?" Dalali akauliza.

"Ndiyo. Mkubaliane tu."

Maskini, hakujua alichokuwa anakisema.

Tulianza na mafuriko. Watu wa chini walisema maji yalifika madirishani. Watu wa juu, waliokuwa wakitazama kutoka juu, walisema yaliishia vifundoni. Ikapigwa kura, yakafika kiunoni. Fundi Redio akasimama kuuliza, kama yalikuwa ya kiunoni, kabati la marehemu mama yake lilielea vipi mpaka likatoka kwa dirisha? Kinyozi akamwambia labda lilikuwa kabati jepesi. Fundi Redio akasema lilikuwa zito, lilibebwa na wanaume wanne. Ubishi. Mikono ikanyooshwa, kabati likawa jepesi, Fundi Redio akakaa akiwa ameduwaa kama mtu aliyeibiwa mchana.

Halafu Dalali akainua kofia la mashine, akakohoa. "Sasa tuje kwenye ngazi. Ngazi hizi, kama mnavyojua, alizijenga babu yangu."

Babu yake Dalali wazee wote walimjua. Alikuwa mshona magodoro, mtu mpole wa pamba, na inasemekana hata msumari alikuwa akimwita jirani aje ampigilie. Lakini Dalali kwa miaka mingi amekuwa akiwapandisha wateja wake ngazi zile kwenda kuwaonyesha nyumba za juu, na kila wakifika katikati, wakishajikwaa, huwaambia: "Polepole, mzee, hizi kazijenga babu yangu kwa mikono yake." Naona alikuwa amesema mpaka amechoka kuona bado si kweli.

"Zilijengwa na mume wangu," sauti ikatoka karibu na dirisha.

Alikuwa Shangazi yangu. Shangazi ni fundi cherehani, tepu ya kupimia haitoki shingoni mwake, hata msibani huja nayo. Ndiye aliyenilea tangu meno yangu ya kwanza yanang'oka. Mumewe marehemu alikuwa mwashi, na watu walimwita Timazi, lile jiwe la kamba ambalo waashi hulining'iniza kupima kama ukuta umesimama wima, kwa sababu kuta zake ziliweza kulifundisha timazi lenyewe. Mtaa mzima ulijua kwamba ngazi ni za Timazi. Ulijua kama unavyojua jua linatoka wapi. Ila hakuna aliyewahi kulipigia kura.

"Mama, kwa heshima zote," Kinyozi akasema, maana Kinyozi akitaka kukuvunjia heshima huanza na hayo. "Marehemu Timazi aliwahi kukosea hata tofali moja?"

"Hajawahi."

"Na ngazi zina kosa au hazina?"

Kinyozi hakumngoja, akajijibu mwenyewe.

"Zina kosa. Kidato kile kimeniondolea kucha ya mguu, ushahidi ninao. Kwa hiyo aliyezijenga hawezi kuwa Timazi."

"Sasa kumbe babu yake mwenyekiti ndiye aliyekosea?" nikauliza mimi.

Dalali akashtuka. "Babu yangu? Babu yangu hakosei. Kile kidato... kile aliajiri mtu. Siku ile alikuwa mgonjwa, akaajiri mtu."

"Nani?"

Dalali akatazama huku na huku kutafuta mtu wa kumtwisha. "Timazi," akasema.

Na ndivyo hoja ilivyoingia mezani, Mungu ni shahidi yangu: kwamba ngazi zote zilijengwa na mshona magodoro, isipokuwa kidato kibovu, ambacho kilijengwa na mwashi bora aliyepata kutokea mtaani. Mikono ikanyooshwa. Watu wa juu ni wengi, na nusu ya watu wa chini wanakaa kwenye nyumba walizotafutiwa na Dalali. Mama Mapacha, ambaye kichwa chake kilikuwa ndani ya beseni langu na mikono yake imejaa dawa ya nywele, aliomba kunyoosha mguu, akakubaliwa. Mimi nilinyoosha mikono miwili dhidi yao, wakahesabu mmoja. Ikapita.

Nilimtazama Shangazi. Nilidhani atawaka, maana namjua akiwaka. Wala. Aliketi akiviringisha ncha ya tepu kidoleni, akafikiri, halafu akasema kwa upole kabisa:

"Katibu, nisaidie kitu kimoja. Mwaka ule wa ngazi mimi nilikuwa bibi harusi. Mume wangu alitoka nyumbani alfajiri na kurudi jioni, kila siku ya Mungu, kuanzia kiangazi mpaka mvua zilipoanza. Akirudi amejaa vumbi mpaka kwenye nyusi. Nikimuuliza ulikuwa wapi, anasema nilikuwa ngazini. Sawa?"

"Sawa, mama."

"Leo mkutano umeamua alijenga kidato kimoja."

"Ndivyo kilivyoamua chama."

"Kidato kimoja ni kazi ya asubuhi moja. Sasa naomba mniambie. Siku zote zile nyingine, mume wangu alikuwa wapi?"

Nikafunga bomba la beseni ili nisikie vizuri. Kinyozi akapekua daftari la chama. Mtu mmoja nyuma akacheka kidogo, akapigwa kiwiko.

"Mimi ni mwanachama tangu siku ya pipa," Shangazi akaendelea, akisimama. "Mkutano ukiamua, umeamua. Sibishi. Lakini swali langu lina ubishi, kwa hiyo liwekwe kwenye ajenda ya mkutano ujao: Timazi alikuwa wapi." Akatoka, tepu ikimning'inia mgongoni kama mkia.

*

Kesho yake nilikwenda kwake. Nilimkuta kwenye cherehani, na ukutani picha ya Timazi imegeuzwa, uso umetazama ukuta.

"Shangazi, ndio nini hii?"

"Mpaka anieleze."

"Amekufa, Shangazi."

"Basi na aeleze taratibu. Sina haraka."

Nikaketi kwenye rundo la vitambaa. Nilidhani anatania, nikamchungulia usoni, nikaona macho yamevimba.

"Unajua ni utani tu wa kina Dalali," nikasema. "Kila mtu anajua ngazi ni za nani."

"Kila mtu alinyoosha mkono."

"Mimi nilinyoosha miwili."

"Niliona, mwanangu. Haikutosha." Akakata uzi kwa meno. "Watu wanafikiri nataka jina kwenye kibao. Kibao wamwandikie hata paka. Mimi nataka mwaka wangu. Nilikuwa namchotea maji, namsugua mgongo, lile vumbi linashuka kama uji, mimi naimba. Mwaka mzima naimba. Sasa wananiambia lile vumbi halikuwa la ngazi. Kwa hiyo nilikuwa naimba nini? Nilikuwa namsugua vumbi la kwa nani?"

Nikamwokotea uzi uliodondoka.

"Halafu nakumbuka vitu," akasema. "Siku moja nilimpelekea chakula kazini. Nilivaa gauni langu la njano, la kwanza kujishonea mwenyewe, lenye mkanda. Jioni aliporudi akaniambia usije tena kule, unaniharibia kazi. Nilicheka. Leo najiuliza, kwa nini hakutaka niende?"

"Shangazi!"

"Najiuliza tu. Si mmeamua nyie?"

Sasa, nisiwe mnafiki. Wiki ile saluni ilijaa mpaka watu wakawa wanasuka wamesimama. Swali la Shangazi lilikuwa limeuingia mtaa kama pilipili kwenye jicho. Kila aliyekaa kwenye kiti changu alikuja na mwanamke wake. Wa kwanza kutajwa alikuwa muuza mkaa wa zamani, lakini Mama Mapacha akalikataa hilo: vumbi la mkaa ni jeusi, na Timazi alirudi mweupe. Akatajwa mpika mikate, kwa ajili ya unga. Nusu saa nzima tulimshikilia mpika mikate, mpaka mtu akakumbuka alihamia mtaani baada ya mafuriko, ngazi zikiwa zimeshakuwa za zamani.

Mwisho ni Kinyozi mwenyewe aliyeleta maangamizi. Alikuja kuazima wembe, akasimama mlangoni, akasema kama mtu anayejisemea: "Lakini zile ngazi, enzi zile, zilikuwa zinakwenda nyumba gani? Si kule juu palikuwa na nyumba moja tu?"

Mikono yangu ikagandia kwenye nywele za watu. Kule juu, mwaka wa ngazi, palikuwa na nyumba moja tu. Nyumba ya mshona magodoro. Na ndani yake alikaa mkwe wake, binti mbichi aliyeolewa na mwanawe, dereva wa malori ya masafa marefu, mume ambaye alionekana nyumbani kama mwezi mwandamo. Na binti yule akajifungua mwaka uliofuata. Na aliyezaliwa...

"Mwenyekiti," akanong'ona Mama Mapacha.

"Mimi sijasema kitu," Kinyozi akasema, akakimbia bila wembe.

Jioni hiyo hiyo watu wakaanza kwenda kwa Shangazi kuomba kuiona picha. Hawakusema kwa nini. Shangazi aliwageuzia picha, wakamtazama Timazi masikio, masikio yake makubwa yaliyosimama kama vishikio vya sufuria, wakashukuru, wakapanda ngazi kwenda kumtazama Dalali. Kusema haki, masikio ya Dalali ni ya kawaida tu. Lakini ukishaambiwa, unaona. Kufikia katikati ya wiki Dalali alikuwa ametafuta kofia ya sufu, ameivuta mpaka shingoni, na joto lote lile. Wateja wakamuuliza kama anaumwa.

Akaja kwangu akitiririka jasho. "Msusi, wewe ndiye unawajua hawa. Waambie waache."

"Waache nini, mwenyekiti?"

"Unajua."

"Basi ni rahisi. Timazi akirudishiwa ngazi zake, anakuwa ngazini. Akiwa ngazini, hayuko kwenu."

Akajifuta jasho. "Na babu yangu?"

"Babu yako ana magodoro yake. Hakuna anayeyagusa."

Kitu ambacho hakuna aliyekitazamia ni Bi Juu. Ndivyo tunavyomwita mama yake Dalali, maana miguu ilimkataa na hajashuka ngazi zile kwa miaka. Wengine walikuwa wameshasahau kama yu hai. Wiki ile akatuma ujumbe chini: anataka kushonewa gauni. Na fundi cherehani wa mtaa ni mmoja.

Shangazi alipanda. Nilimsindikiza kwa kisingizio cha kumbebea mkoba, tusidanganyane. Bi Juu alikuwa kitandani, amepaka wanja, na chumba kimejaa wageni waliokuja kumjulia hali. Wote wakahamia ukutani kwa hiari yao ili kutoa nafasi.

Shangazi akavua tepu shingoni. "Mabega," akasema, akapima. "Kifua." Akapima. "Kiuno?"

"Andika kilekile cha zamani," Bi Juu akasema.

"Tepu inasema vingine, dada."

"Tepu haikuwepo enzi zile."

Wakatazamana. Sijawahi kuona watu wazima wawili wakitazamana vile bila mmoja kupigwa. Shangazi akaandika vipimo, akaaga. Kwenye ngazi nilimuuliza ameonaje. Akasema: "Kwapa moja limeshuka. Nitaliinua kwa mshono."

*

Siku ya mkutano hata dirishani walikaa. Nilikuwa na vichwa vinne kwa mpigo, na kila mmoja amelipa makusudi ili apate kiti cha mbele. Afisa wa jiji alikuwepo, amekalia ndoo iliyopinduliwa, tayari kuchukua historia yake aondoke. Halafu tukasikia kelele nje, pole, pole, taratibu hapo, inua, na Bi Juu akaingia akiwa amebebwa juu ya kiti na vijana wa juu, ndani ya gauni jipya la zambarau. Kwenye kidato kile kiti kilitaka kumrusha, lakini alifika salama, ameketi kama malkia.

"Mama!" Dalali akasema ndani ya kofia yake ya sufu. "Umekuja kufanya nini?"

"Nimo kwenye ajenda," Bi Juu akajibu.

Kinyozi akasimama. "Ajenda ni moja. Timazi alikuwa wapi."

"Kabla ya hapo," Dalali akadakia, karibu apige kelele. "Kabla ya hapo! Kwa mujibu wa sheria yetu, mimi niliyelileta suala la ngazi, nalirudisha mezani. Nimetafakari. Babu yangu..." Akameza mate. Jasho lilikuwa likidondoka kwenye kidevu. "Babu yangu alikuwa mshona magodoro. Naomba ipitishwe kwamba ngazi zote, na kidato kibovu kikiwemo, zilijengwa na marehemu Timazi, na kwamba kwa siku zote zile marehemu alikuwa nje, juani, mbele za watu."

Afisa akainua kidole. "Samahani. Zilijengwa na nani hasa? Kwa kweli?"

"Subiri, kijana, hatujahesabu," Kinyozi akamwambia.

Nilidhani imekwisha. Kumbe nilisahau kwamba mtu akishapata utamu hakubali uondoke mdomoni. Watu wa chini walinyoosha kwa wingi, lakini watu wa juu wakajivutavuta. Mmoja akasema historia ikibadilishwa kila wiki mafuriko nayo yatarudi madirishani. Fundi Redio akasema na yarudi! Mwingine akasema mambo ndiyo kwanza yalikuwa yanaanza kunoga, na huyu alizomewa, lakini naona alisema ya wengi. Kinyozi akahesabu. Akahesabu tena. Akajifuta uso.

"Sawasawa," akasema. "Waliokubali na waliokataa, sawasawa. Amebaki mtu mmoja hajanyoosha."

Vichwa vyote vikageuka, hata vile vilivyokuwa na povu.

"Mama," Dalali akasema. "Nyoosha mkono."

"Wa nini?"

"Wa kukubali! Mama, unajua wanasema nini juu ya baba yangu?"

"Baba yako namjua ni nani, nilikuwepo," Bi Juu akasema. "Hayo ni mambo ya nyumbani. Mimi nazungumzia historia."

Watu wakaangua kicheko. Yeye hakucheka. Akalainisha gauni magotini.

"Miaka yote nimelala pale juu," akasema, "na hakuna hata mmoja wenu aliyepanda kuniuliza nimeamkaje. Mkipita dirishani mnasema, kwa mama yake mwenyekiti pale. Wiki hii wamekuja watu mpaka viti vimepungua. Wananitazama uso. Mtoto wa mtu kaniuliza, bibi, zamani ulikuwa mrembo? Unajua nimekaa muda gani bila kuulizwa swali kama hilo? Sasa nikinyoosha mkono, kesho nabaki na dirisha langu. Sinyooshi."

Dalali akavuta kofia mpaka machoni. Nikamtazama Shangazi. Alikuwa amesimama wima, ameshika ncha zote mbili za tepu shingoni. Mwaka wake mzima ulikuwa umelala juu ya lile goti la zambarau, na kila mtu mle ndani aliliona hilo.

Akasogea, akachutama mbele ya kile kiti. "Dada. Sema unataka nini."

Bi Juu akafikiri. "Iandikwe kwamba mwaka wa ngazi, mrembo wa mtaa huu nilikuwa mimi."

Wazee wakaguna. Wanaokumbuka mwaka ule wanakumbuka pia bibi harusi mmoja aliyekuja na gauni la njano, na jinsi wanaume walivyokuwa wakipeleka kushona suruali ambazo hazijachanika. Mzee mmoja akaanza, "Lakini mrembo alikuwa..."

"Naunga mkono," Shangazi akasema, mkono wake ukiwa wa kwanza hewani. "Nyoosheni. Nyoosheni wote!"

Tukanyoosha. Mama Mapacha akanyoosha mguu kwa mazoea, ingawa siku hiyo mikono yake ilikuwa huru. Afisa wa jiji, nadhani bila kujijua, alinyoosha pia. Ikapita bila hata mmoja kupinga, jambo ambalo halijawahi kutokea kwenye chama chetu, na Bi Juu akaonekana mdogo kwa miaka kadhaa hapo hapo kitini.

"Na kile kidato," akasema.

"Kidato gani?"

"Kile. Timazi hakuwa mtu wa kukosea. Basi iandikwe alikikosea kwa sababu nilipita, akainua macho."

Shangazi akainuka taratibu. Akavua tepu, akaikunja, kidogo kidogo, mpaka ikawa kiduara kiganjani.

"Hapana," akasema.

"Nilipita kweli. Nilikuwa nakaa juu, nipite wapi kwingine?"

"Ulipita, dada. Kila siku. Urembo umechukua, nami nimekunyooshea mkono. Ngazi na ziwe za mtaa. Lakini lile kosa ni la mume wangu, na kosa la mume wangu ni langu. Halina ubishi. Na kisicho na ubishi hakipigiwi kura."

Wakatazamana tena kama siku ile ya vipimo. Halafu Bi Juu akaanza kucheka, kicheko chembamba kilichomtikisa mabega mpaka mshono wa kwapa ukajaribiwa, nao ukashika.

"Ulikuwa na lile gauni la njano," akasema. "Nilikuwa nakuona kutoka dirishani. Nilikuwa nakuchukia." Akamgeukia mwanawe. "Haya, niinue mkono. Bega linauma."

Na mwenyekiti wa Chama cha Mtaa akavua kofia ya sufu, masikio yake ya kawaida yakatoka hadharani, akaushika mkono wa mama yake na kuunyoosha juu yeye mwenyewe, kama refa na bondia. Kinyozi akapiga meza. Timazi akawa amejenga ngazi.

*

Kibao kililetwa na Afisa yule yule. Kimeandikwa kwamba mafuriko yalifika kiunoni na kwamba ngazi zilijengwa na mwashi Timazi, katika mwaka ambao mrembo wa mtaa alikuwa binti wa nyumba ya juu. Afisa alikiweka pembeni mwa kidato kirefu, kwa kuwa watu husimama pale hata hivyo. Matokeo yake ni kwamba sasa wanasoma huku wanapanda, na wanajikwaa vibaya kuliko zamani. Dalali huwaambia wateja: "Polepole, mzee, hizi kazijenga Timazi. Rafiki mkubwa wa babu yangu." Hilo bado hatujalipigia kura, lakini namjua, litakuja.

Picha ya Timazi imerudi kutazama chumba. Shangazi hupanda kwa Bi Juu kila mara kulegeza lile gauni, maana wageni humletea vitu vya kula. Juzi nilipanda naye, mimi na mkoba. Tulipofika katikati nilikuwa nasoma kibao kwa mara ya mia, nikajikwaa mpaka sindano zikamwagika. Yeye wala. Ndipo ikanijia kwamba katika maisha yangu yote sijawahi kumwona Shangazi akijikwaa pale. Hatazami chini. Mguu wake hujiinua wenyewe kidogo zaidi, halafu anaendelea.

"Shangazi," nikasema, nikiokota sindano. "Siku ile ya kidato. Alikuwa anamtazama nani?"

Alikuwa ameshapita vidato kadhaa mbele yangu. Hakugeuka, lakini niliona mkono wake ukishuka kiunoni, mahali ambapo mkanda wa gauni hukaa, ukalainisha kitu ambacho hakikuwepo.

"Hiyo haijapigiwa kura," akasema. "Okota sindano, twende."